Mtaalamu na Sikio Lake

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba wanasayansi wetu wanapelekwa kwenye semina za kujifunza kuzungumza na umma. Nia ni njema, wala sina sababu ya kuipinga. Lakini kila nikitazama yanayofundishwa humo, naona aghalabu ni mambo ya mdomo: namna ya kujibu waandishi wa habari, namna ya kufupisha maneno, namna ya kutengeneza picha za kuonyesha ukutani. Sikio halipewi hata saa moja. Hilo ndilo lalamiko langu.

Nichukue mfano wa huku kwetu. Mwaka 1996 Peter Winch na wenzake walichapisha katika jarida la Social Science & Medicine makala juu ya majina ambayo watu wa wilaya ya Bagamoyo huyapa magonjwa ya homa. Walionyesha jambo ambalo bibi yeyote wa Mkange angeweza kulisema akiwa anapepeta mchele: kwamba kwa wenyeji wengi homa ya malaria ni kitu kimoja na degedege ni kitu kingine. Daktari akimwona mtoto mwenye homa kali anayestuka na kukakamaa, huhofia malaria iliyopanda kichwani. Mama wa mtoto huenda akaona kazi ya shetani, ambayo dawa yake iko kwa mganga, na ambayo sindano yaweza kuigeuza kuwa kifo.

Basi fikiri, msomaji. Mtaalamu anasimama chini ya mwembe na kusema kwa Kiswahili fasaha, "Mtoto akipata malaria, mwahisheni zahanati." Mama anakubali kwa moyo wote. Usiku mwanawe anapatwa na degedege, naye anambeba mbio kwa mganga. Hajakaidi neno hata moja la mtaalamu, maana kwake yeye mtoto hana malaria. Ufundi gani wa kusimama mbele ya kamera ungemwokoa mtoto huyo? Alihitajiwa mtu wa kuuliza kwanza: ninyi hali hii mnaiitaje?

Hali kadhalika katika utafiti wa chanjo. Kati ya 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, ilikuwa kimojawapo. Watoto waligawanywa kwa nasibu, na katika kundi la miezi 5 hadi 17 wale wasiopata chanjo hiyo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili matokeo yalinganishwe. Utaratibu huo una haki yake, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo yenyewe itumike. Lakini jaribu kuueleza kwa mzazi. Neno "majaribio" lina harufu ya kuchezewa, "bahati nasibu" lina harufu ya tiketi, na kutolewa damu huamsha hofu ya mumiani, iliyo kongwe katika pwani hii. Ndani ya hofu hiyo mna swali la maana: damu yangu inakwenda wapi, na atakayefaidika ni nani? Mtaalamu anayelicheka amekwisha kushindwa kabla hajajibu.

Wapo wanaojitetea kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Utetezi huo umechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Ajabu ni kwamba hata ile makala kuhusu majina yetu wenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, na bibi wa Mkange hawezi kuisoma aone kama amenukuliwa sawasawa.

Wala si kwamba hatujawahi kufanya vizuri zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilitumia redio na vitabu vidogo, nayo iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Mada zilipangwa na wakubwa, ni kweli. Hata hivyo, watu walisikiliza wakiwa kikundi, kisha wakajadiliana na kuamua wachimbe vyoo au wafyeke majani. Waliachiwa nafasi ya kusema.

Ningekuwa na amri, mtihani wa mwisho wa semina hizi ungefanyika vijijini, kaskazini ya Mto Wami, badala ya kufanyika hotelini. Mtaalamu aketi jamvini, aeleze utafiti wake kwa dakika kumi, kisha aulizwe mpaka wenyeji watosheke. Alama asipewe kwa aliyoyasema. Apewe kwa yale atakayoweza kusimulia kwamba ameyasikia. Atakayerudi mjini na neno moja ambalo asubuhi hakulijua, huyo amefaulu.