Nusu Milimita ya Mng'aro: Boti ya Faiba Ufukweni Kibenga

Pitisha kiganja kwenye ubavu wa boti ya faiba iliyokaa juani miaka mingi, nacho kitarudi kimejaa unga. Wengi huudhani ni vumbi la barabarani. Ni ngozi ya boti yenyewe inayoondoka kidogo kidogo, na kila mvua huibeba.

Boti ninayoichambua hapa ilikuwa imelala ufukweni Kibenga, kusini mwa Bujumbura. Ni ya buluu, futi 18, na tangu uhaba wa petroli uibane Burundi miaka hii ya karibuni ilikuwa haijashushwa majini. Ubavu wake wa kushoto ulielekea ziwani, kwenye milima ya Kongo, na huo ndio ulioharibika vibaya: buluu yake ilipauka hadi ikakaribia kijivu. Ule wa kulia, uliotazama ukuta wa nyumba, bado ulikuwa na rangi ya kutambulika. Boti ni moja, umri ni mmoja, fundi aliyeiunda ni mmoja. Kilichotofautisha mbavu hizo mbili ni jua la alasiri, ambalo huku hushuka upande wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, bila mti wala paa la kulizuia.

Sehemu ya nje ya boti ya faiba haikupakwa rangi kama mlango. Ni tabaka la rezini ya poliesta iliyochanganywa na rangi, linaloitwa jelikoti, ambalo hupuliziwa ndani ya kalibu kwanza kabla ya nyuzi za kioo kulazwa juu yake. Unene wake ni takriban nusu milimita. Mionzi ya urujuanimno hukata minyororo ya rezini iliyo juu kabisa. Rezini ikishakatika, chembe za rangi hubaki hazina kinachozishika, na ndizo zinazotoka kama unga. Tena uso uliobaki huwa na vishimo vidogo vinavyotawanya mwanga kila upande, basi jicho linaona weupe mahali penye buluu. Bujumbura iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi hiyo kwa takriban asilimia 10. Jua letu halina huruma na poliesta.

Ziwa nalo lina mkono wake. Maji ya Tanganyika yana ualkali, pH yake ni karibu 9, na yana magnesiamu na kaboneti nyingi. Yakikauka ubavuni huacha utando mweupe mgumu unaofanana sana na ule unga wa jua, lakini dawa zake ni mbali mbali. Utando wa chumvi hutoka kwa siki au ndimu. Unga wa jua hautoki kwa tindikali yoyote. Asiyevitenganisha atasugua kwa msasa kitu ambacho kingeondoka kwa kitambaa.

Kabla ya kazi hii ya kuirudishia mng'aro, boti ilikuwa imeshapitia mikononi mwa fundi wa magari. Alifanya kama anavyofanya kwenye gari: akaiosha, akapaka kompaundi ya kung'arishia, akapitisha mashine, ikang'aa. Mwenye boti alifurahi, lakini mvua chache tu baadaye weupe ukarudi. Simlaumu fundi yule. Tabaka la juu la rangi ya gari, lile lisilo na rangi, lina maikroni 40 hadi 50 tu, kwa hiyo fundi wa magari amefunzwa kuuogopa msasa. Jelikoti ina unene wa mara kumi zaidi, na ina vinyweleo zaidi. Kompaundi yake haikulifikia tabaka zima lililokufa. Mafuta yaliyomo yakajaza vile vishimo, mwanga ukapita kana kwamba uso ni laini. Mafuta yalipooshwa, vishimo vikabaki wazi kama mwanzo.

Safari hii fundi mwingine alianza kwa kuvua kila kilichopakwa. Sabuni na maji kwanza, kisha siki kwenye mstari wa maji, kisha kitambaa cha asetoni kilichobadilishwa upande kila mara ili nta na silikoni ya zamani isihamishwe tu kutoka hapa kwenda pale. Halafu kikaja kipimo ninachokithamini kuliko vifaa vyote: mwaga maji safi ubavuni, utazame rangi kabla hayajakauka. Buluu ikirudi chini ya maji, rangi iliyo chini ni nzima na kazi ya kusugua inafaa. Isiporudi, au zikionekana nyuzi za kioo, hakuna msasa utakaookoa pale. Ubavu wa kushoto ulirudisha buluu yake kote, isipokuwa chini ya omo.

Msasa wa maji ndio uliofanya kazi kubwa, na kwa mkono, kwa kuwa umeme ulikuwa wa kukatika na jenereta haikuwa na cha kunywa. Ubavu wa kushoto ulianza na namba 800, ambayo chembe zake zina takriban maikroni 22. Wa kulia ulianza na 1500, maikroni 13 hivi, na haukuhitaji zaidi. Uamuzi huo haukufanywa kwa kukisia: palijaribiwa kipande cha ukubwa wa kiganja, kwa msasa laini kwanza, na pale uliposhindwa ndipo ukashukiwa ulio mkali zaidi. Nusu milimita haikui tena. Anayekimbilia namba 400 kwa haraka anatumia akiba ambayo boti itaihitaji miaka kumi ijayo.

Baada ya 800 ikaja 1000, kisha 1500, kisha 2000. Kila namba ilisuguliwa kwa kukata njia ya iliyotangulia, ili mikwaruzo ya zamani ionekane na ijulikane imekwisha. Kabla ya kila hatua fundi alichora mistari ya penseli, akasugua hadi ikafutika yote. Hapa ndipo wengi huchoka na kuruka namba moja, na mkwaruzo wa 800 ulioachwa chini hausikii polishi. Utauona jioni jua likilala, umejipanga ubavuni wote.

Maji ya kusugulia hayakuachwa yatiririke ziwani. Yalikingwa kwa turubai na kumwagwa mbali na ufuko. Regideso, shirika la maji, huchota humo sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya mji huu, na ziwa lina zaidi ya spishi 200 za samaki jamii ya siklidi, nyingi zake hazipo popote pengine duniani. Unga wa poliesta hauna kazi humo.

Umeme uliporudi ikaja mashine, yenye pedi ya manyoya ya kondoo, isiyozidi mizunguko 1,800 kwa dakika. Nasisitiza mizunguko kwa sababu nimeona watu wakifunga pedi kwenye grainda ya kukatia chuma, ambayo huzunguka karibu mara 11,000. Jelikoti huungua papo hapo na kugeuka manjano. Kazi ilifanywa asubuhi, chini ya turubai, eneo dogo kwa wakati mmoja, maana ubavu wenye moto hukausha kompaundi kabla haijakata. Chembe za kompaundi husagika zikizidi kusuguliwa, na mikwaruzo zinayoiacha huwa midogo kiasi kwamba mwanga haujali tena kuwepo kwake. Huo ndio mng'aro.

Kisha jaribio ambalo kazi ya kwanza isingelivuka: kitambaa chenye spiriti, kusugua kwa nguvu, kusubiri ikauke. Mafuta yote yaliondoka na buluu ikabaki.

Mwenye boti aliwahi kufikiria kuipaka rangi mpya. Kwa ngozi iliyobaki nzima kama hii, naona ingekuwa hasara. Rangi nzuri ya boti ni poliyurethani ya vikopo viwili, ambayo ikipuliziwa hutoa isosianeti, sumu ya mapafu inayodai kinyago chenye hewa ya kuletwa kwa bomba, na kinyago cha kitambaa hakisaidii kitu. Tena rangi ikianza kubanduka haina nusu milimita ya kurudia.

Ikabaki omo, pale boti inapoburutwa mchangani, nyuzi zikiwa nje. Hapo palihitaji jelikoti mpya, na mpangilio wa kazi ulikuwa na maana kubwa. Kama kiraka kingewekwa mwanzoni, rangi yake ingelinganishwa na buluu iliyopauka, na baada ya polishi kingebaki doa. Kwa hiyo kilisubiri hadi mbavu zote zimalizwe kwa mashine, lakini kikatangulia nta, kwa sababu jelikoti haishiki juu ya nta. Kichocheo kiliwekwa asilimia 2, kwa miwani na glavu, maana tone lake moja linaweza kupofusha jicho. Jelikoti ya kawaida haikauki vizuri uso wake ukigusana na hewa, hubaki na unato. Fundi aliifunika kwa karatasi ya nailoni, akaipapasa itoke mapovu, akaiacha hadi kesho yake. Ilipoganda alianza tena na 800 kwenye kipande kile peke yake, akapanda namba zote hadi kompaundi. Nta ilipakwa boti nzima siku hiyo hiyo, mipako miwili, na mwenye boti akaambiwa airudie mara tatu kwa mwaka upande wa Kongo, na mara moja tu upande wa ukuta.