Kuchagua, Kuvaa na Kuvua: Uhakiki wa Nywele za Kubandika

Utangulizi

Kabla jamii haijaandika sheria zake, huwa imekwisha kuamua nani anyoe, nani afuge, nani asuke na nani afunike kichwa. Kwa sababu hiyo mjadala juu ya nywele haujapata kuwa mjadala mdogo mahali popote. Katika nchi yetu ulipamba moto mwezi Oktoba 1968, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi, na iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Nusu karne baadaye, mwezi Juni 2019, mawigi yaliingia Bungeni kwa sura nyingine. Bajeti ya mwaka huo ilipendekeza kodi ya asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini, na asilimia 25 kwa zile ziingizwazo kutoka nje. Kilichokuwa kosa sasa kilikuwa chanzo cha mapato.

Kati ya marufuku ile na kodi hii, kitu chenyewe hakikupata mhakiki wa kutosha. Makala haya yanakusudia kukihakiki, na hasa aina yake moja: nywele zilizofumwa juu ya utando mwembamba, kisha utando huo ukabandikwa kwa gundi kwenye ngozi ya kichwa na kukaa hapo siku nyingi, usiku na mchana. Wigi la kawaida huvuliwa jioni kama kofia. Nywele za kubandika mtu hulala nazo, huoga nazo na huamka nazo. Kwa hiyo zinatuuliza kwa ukali zaidi swali ambalo wigi hulikwepa: pambo linakoma wapi, na mwili unaanzia wapi?

Udhaifu wa hoja ya ugeni

Hoja iliyotumika zaidi dhidi ya nywele bandia ni kwamba ni jambo la kigeni. Hoja hii haisimami imara inapochunguzwa. Katika kaburi la Kha na mkewe Merit, lililofukuliwa Deir el-Medina nchini Misri mwaka 1906, lilikutwa wigi la Merit lililotengenezwa kwa nywele za binadamu. Leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Turin, Italia, na umri wake unazidi miaka 3,000. Mafundi wa Misri ya kale walitumia nta ya nyuki na utomvu ili nywele zishikamane. Huko Namibia, wanawake wa Kihimba huirefusha misuko yao kwa nywele za mbuzi, wakaipaka udongo mwekundu uliochanganywa na siagi. Kuongeza nywele juu ya nywele, basi, ni desturi kongwe ya bara hili.

Tena, wakati ule wa vita dhidi ya ugeni hapakuwa na kipimo kimoja. Mwaka mmoja tu kabla ya Operesheni Vijana, ilikuwapo kampeni ya serikali ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao ya ngozi na udongo wao mwekundu, wavae nguo zilizohesabiwa kuwa za kisasa. Msichana wa Dar es Salaam aliambiwa kuwa amezidi ugeni. Mmasai wa Arusha aliambiwa kuwa amezidi asili. Wote wawili walipimwa kwa jicho la mtu wa tatu, yule mgeni aliyedhaniwa kuwa anatutazama. Taifa changa lilikuwa na haki ya kujitafutia sura yake, wala hatuna budi kuiheshimu nia hiyo. Lakini uhakiki unaomtazama mtazamaji badala ya kumtazama mvaaji hauwezi kufika mbali.

Hoja yenye nguvu zaidi ilitolewa na mshairi. Katika Song of Lawino ya Okot p'Bitek, iliyotoka mwaka 1966 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa kwa jina la Wimbo wa Lawino, mke wa Kiacholi anamsuta mke mwenzake, Clementine, kwa ajili ya nywele zake. Msomaji wa haraka hudhani kwamba Lawino anapigana na wigi. Ukweli ni kwamba anapigana na dharau, kwa kuwa mumewe, Ocol, amevikana vitu vya watu wake na kuviita vya kishenzi. Wigi katika wimbo ule limeletwa kama shahidi tu. Mshtakiwa ni ile dharau. Somo tulipatalo hapo ni kwamba haitoshi kuuliza nywele zimetoka wapi. Yatupasa kuuliza pia mvaaji anakimbia nini, na kama kweli kuna kitu anachokikimbia.

Kuchagua

Anayechagua hukutana kwanza na utando. Upo utando wa lesi, ambao ni wavu mwembamba unaopitisha hewa na jasho lakini huchanika upesi. Upo wa plastiki laini, unaoshika gundi vizuri na kusafishika kwa urahisi, lakini hufungia joto. Upo pia uliochanganya vyote viwili, wavu katikati na plastiki pembeni. Fundi huchukua umbo la kichwa na kuchora mipaka ya upara, kisha nywele hufungwa kwenye utando moja moja au chache chache kwa kisindano chenye ndoano. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na atakayeiona ikifanywa hatathubutu kuidharau.

Ubora wa kazi hii hutambulikana kwa kiasi. Nywele za mtu mzima huwa chache kwenye paji la uso, na mstari wake haukunyooka kama uliopigwa kwa rula. Nywele nyingi mno juu ya uso wa mzee wa miaka 60 humtangaza kabla hajafungua kinywa. Fundi anayemwekea nywele zilizopungua kidogo, zenye mvi na zinazolingana na ndevu zake, ameuheshimu umri wake, na kwa hiyo ameuheshimu utu wake. Mnunuzi asiyejua hili huchagua kichwa cha kijana wa kwenye picha ya tangazo, akajikuta amevaa umri usio wake.

Kuhusu mali ghafi, hapa ugeni upo kweli, nao ni ugeni wa kiuchumi. Sehemu kubwa ya nywele za biashara hii hutoka Asia. Katika hekalu la Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh nchini India, mahujaji hunyoa vichwa vyao kama sadaka, na nywele hizo huuzwa kwa mnada. Viwanda vya Xuchang na Qingdao nchini China ni miongoni mwa vile vinavyogeuza nywele kuwa bidhaa. Nywele za Asia aghalabu zimenyooka. Ili zifanane na zetu hukunjwa kwa mvuke au kwa dawa. Hivyo mtu wa Mwanza anayetaka kurudishiwa nywele zake za kipilipili anaweza kuuziwa nywele za mhujaji zilizofundishwa kujikunja. Hata anapotaka kufanana na nafsi yake, hulazimika kuagiza kutoka ng'ambo. Kodi ya mwaka 2019 ilitofautisha kilichotengenezwa nyumbani na kilichotoka nje, lakini kodi peke yake haiwezi kumzaa fundi. Atazaliwa pale ufumaji wa nywele utakapofundishwa kama ushonaji na useremala.

Kuvaa

Uvaaji wenyewe una taratibu zake. Gundi hujaribiwa kwanza kwenye sehemu ndogo ya ngozi na kuachwa kwa muda wa saa 48, kwa kuwa ngozi za watu wengine huikataa na kuvimba. Kisha mahali pa kubandika hunyolewa na kuoshwa kwa sabuni hadi mafuta yaishe. Gundi hupakwa kwa matabaka membamba, huachwa hadi inate, ndipo utando hulazwa taratibu kuanzia mbele na kukandamizwa. Ikiwa gundi imepakwa juu ya nywele zilizobaki badala ya ngozi, nywele hizo huvutwa kila siku hadi zikatike. Na mvuto ukidumu kwa muda mrefu, mashina ya nywele huharibika na upara huwa wa kudumu. Hapo dawa ya upara huwa imezaa upara.

Waliotunga methali isemayo uzuri wa mkakasi ukipata maji basi hawakuijua gundi hii, lakini waliijua pwani. Kwenye joto na unyevu wa Tanga, Unguja au Dar es Salaam, jasho huilegeza gundi mapema. Ile ambayo kwenye nchi ya baridi hushika kwa majuma kadhaa, hapa huenda ikalegea baada ya siku chache. Mvaaji basi huishi kwa hadhari: hawezi kucheza mpira bila wasiwasi, na upepo wa kivuko humfanya ashike kichwa. Pambo linalomnyima mtu furaha ya kawaida limeshindwa kazi yake, hata kama linapendeza.

Kuvua

Lakini kipimo kikubwa ni kuvua. Kwa taratibu za ufundi, kuvua hakuna siri: dawa ya kuyeyusha gundi hupakwa pembeni mwa utando, mtu husubiri, kisha utando huinuliwa polepole bila kuvutwa. Ngozi huoshwa, hukaguliwa, hupumzishwa. Ugumu uko moyoni. Wapo wanaochelewa kuvua kwa sababu hawataki kuonwa hata na mume au mke wao. Ngozi hutoka upele chini ya utando, nao wanaona haya kwenda hospitali kwa kuwa daktari atawataka wafunue. Mficha uchi hazai, walinena wahenga, na kwa hakika mficha kidonda haponi.

Utamaduni wetu wenyewe una la kufundisha hapa. Kwa Wamasai, moran hufuga nywele ndefu zilizosokotwa na kupakwa mafuta na udongo mwekundu. Katika sherehe ya eunoto mama yake humnyoa, naye huvuka kuingia ngazi nyingine ya maisha. Waislamu hunyoa nywele alizozaliwa nazo mtoto. Katika makabila yetu mengi wafiwa hunyoa. Kichwa kitupu kwetu kilisema uzazi, msiba na utu uzima. Ni kweli kwamba watoto wamekuwa wakimtania mwenye kipara, lakini utani ni kitu kimoja na fedheha ni kitu kingine. Fedheha imeletwa na matangazo yanayouonyesha upara kama ugonjwa kila mahali unapotokea.

Isidhaniwe kwamba tunamhukumu kila mvaaji. Mwanamke ambaye nywele zake zimeanguka kwa sababu ya dawa za saratani, au kijana aliyepatwa na upara wa mabaka, hajaukana Uafrika wake anapofunika kichwa. Kiswahili kinazo maana mbili ambazo mjadala wa 1968 haukuzitenganisha: kujisitiri na kujificha. Anayejisitiri huchagua saa ya kufunika na saa ya kufunua, na wa nyumbani kwake wanamjua. Anayejificha hana saa ya kufunua.

Hitimisho

Tumeona kwamba ugeni wa nywele za kubandika si hoja ya kutosha, kwamba ufundi wake unastahili heshima, na kwamba hatari yake kubwa iko katika hofu ya kuvua. Yafuatayo basi yanawahusu wote. Msusi na kinyozi wamwoneshe mteja namna ya kuvua kabla ya kumvika, na wamwambie bayana kwamba ngozi ina haki ya kupumzika. Waandishi wa michezo ya redio na ya jukwaani waache kumfanya mwenye kipara kuwa kichekesho cha bure. Nasi wenye nyumba tumpokee aliyevua kama tulivyompokea alipovaa. Aliye na uhakika wa mapokezi hayo atachagua kwa utulivu, atavaa kwa kiasi, na siku ngozi ikiuma atafunua kichwa mapema akatibiwe.