Pongezi kwa waongozaji wa Arabuko-Sokoke

Watalii wengi wa Watamu na Malindi huishia ufukweni. Nyuma yao, kilomita chache tu, upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndani yake wapo vijana na wazee wa vijiji jirani wanaostahili sifa kuliko wanavyopata: waongozaji wa wageni.

Msitu huu haukupi kitu bure. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi shibiri moja, hulala mchana kichakani kwenye udongo mwekundu, rangi yake sawa na majani makavu. Darubini ya bei kubwa haitakusaidia. Mwongozaji husimama, huinama, hutazama kupitia mwanya mmoja kati ya matawi, kisha anakuita kwa kidole. Kule kwenye miti ya mirihi na mchanga mweupe, kazi huwa ya masikio zaidi: makundi ya ndege hupita juu kwa haraka, na yeye ameshawataja kabla hujainua shingo. Akisikia mchakacho chini, atakuzuia usisogee. Huenda ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, anayefukua wadudu majanini.

Elimu hiyo imetokana na miaka ya kutembea, na kwa maoni yangu ni utaalamu kamili, wala si kibarua. Basi ukifika Gede, kando ya msitu huo, mtafute mwongozaji, anza naye alfajiri, na umlipe bila kuvutana bei.