Pongezi kwa Fundi wa Murongo
Hapa Murongo, wilayani Kyerwa, ambako mto Kagera watutenga na jirani zetu wa Uganda, hatuna budi kumshukuru fundi ambaye, mashine ya kupukuchua mahindi inapotetema kupita kiasi, hakimbilii spana, bali huizima, huuvua mkanda, akaizungusha ngoma taratibu kwa mkono. Na upande mmoja ukitulia chini kila mara, hutambua kuwa ndio mzito na ndio chanzo cha mtetemo, kwani nati iliyolegea aghalabu ni dalili ya maradhi, wala si maradhi yenyewe. Kisha huchora mstari wa chaki toka kila nati hadi kwenye bamba, ili baada ya saa moja ya kazi aone ipi imesogea. Hiyo ni elimu hasa. Wenye mashine, mwiteni kabla msimu haujaanza, na ujira wake mlipeni kamili.