Kuchuja au Kupambanua? Uhakiki wa Istilahi za Kromatografia

Katika uundaji wa istilahi za kemia, kitenzi kuchuja hubebeshwa takriban kila namna ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Mazoea hayo yakihamishiwa kwenye kromatografia ya kimiminika, maana hupotoka.

Kuchuja ni kuzuia: majani hubaki kwenye chujio, chai ikapita. Katika kromatografia hakuna kinachokusudiwa kuzuiwa. Mchanganyiko husukumwa na kimiminika ndani ya mrija uliojazwa chembe ndogo mno. Kila kemikali huzishika chembe hizo kwa nguvu yake; hivyo zote hutoka, ila kwa zamu. Kinachozitenganisha ni mwendo. Neno la mkopo nalo halijielezi. Mikhail Tswett aliyelitumia mwaka 1906 alikuwa akitenganisha rangi za mimea, na kwa Kigiriki ni "mwandiko wa rangi". Leo kemikali nyingi zinazochunguzwa hazina rangi.

Kasoro ya pili ni neno uzito. Spektrometa ya tungamo haipimi uzito wa kidonge. Huzitia molekuli chaji ya umeme, kisha huzipanga kwa uwiano wa tungamo na chaji.

Yaweza kudaiwa kwamba huu ni ubishi wa wanaisimu tu. Dai hilo halisimami. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, kaskazini-mashariki mwa Kongo, wagonjwa zaidi ya 1,000 walilazwa wakiwa wamekakamaa shingo, uso na ulimi. Awali ilishukiwa homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi wa maabara ulibainisha kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili. Jina lilisema hivi, kitu kikawa vile. Kwa spektrometa, molekuli ya diazepamu iliyopokea protoni moja huonekana kwenye 285, na ya haloperidoli kwenye 376.

Basi afikiriwe muuguzi wa Marabo, kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda, anayepaswa kuwaeleza wazazi kwa Kiswahili taarifa iliyoandikwa kwa Kifaransa. Akisema dawa "imechujwa", msikilizaji ataelewa kwamba kilicho kibaya kimeondolewa, na vidonge vilivyosalia nyumbani ni salama. Ilhali maabara haikuondoa chochote. Ilitambua tu kilichomo. Kosa la kitenzi kimoja laweza kumrudisha mtoto kwenye kidonge kilekile.

Kwa hiyo inafaa kromatografia ibaki kuwa jina la mbinu, lakini ifafanuliwe kwa kitenzi kupambanua, na kuchuja kuachiwe chujio. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) iliwafungulia njia walimu na wanafunzi. Kazi iliyosalia ni kuyapima maneno kwa sikio la mgonjwa pia, wala si kwa usanifu peke yake.