Sikio la Msaidizi: Lafudhi ya Kinyakyusa na Hukumu ya Kosa katika Usomaji wa Watoto Itungi, Kyela

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kosa la usomaji linavyobainishwa pale mtoto anapomsomea kwa sauti msaidizi wa usomaji. Yakichukua Itungi, wilayani Kyela, kuwa mfano, makala yanalinganisha baadhi ya konsonanti za Kinyakyusa na za Kiswahili Sanifu, na kuonesha kuwa sehemu ya yale yanayoweza kuhesabiwa kuwa makosa ni lafudhi yenye utaratibu. Hoja kuu ni kwamba msaidizi anayeijua lugha ya nyumbani ya mtoto si kijazio cha upungufu wa walimu tu. Ana maarifa ya kiisimu ambayo upimaji wa usomaji unayategemea bila kuyaeleza.

1.0 Utangulizi

Itungi ni bandari iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, katika uwanda wa Kyela unaojulikana kwa mpunga na kakao. Lugha inayotawala majumbani ni Kinyakyusa, lakini bandari haikosi mchanganyiko. Katika mwambao wa mashariki wa ziwa wamo wasemaji wa Kikisi na Kimanda. Ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi, kuna Kingonde, kinachokaribiana mno na Kinyakyusa. Shule ya msingi ya umma, kwa upande wake, hufundisha kwa Kiswahili, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 haikuzipa lugha za jamii nafasi ya kufundishia. Kwa hiyo mtoto aliyelelewa kwa Kinyakyusa anapoingia Darasa la Kwanza huweza kukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: kuimarisha lugha ya pili na kujifunza kuwa herufi huwakilisha sauti za lugha hiyo.

Msaidizi wa usomaji anayejadiliwa hapa ni mtu asiye mwalimu wa darasa, ambaye hukaa na mtoto mmoja au kikundi kidogo, akasikiliza, akasahihisha na kuuliza maswali. Anaweza kuwa mzazi, kijana aliyemaliza sekondari au mwanafunzi wa darasa la juu. Kwa mtazamo wa haraka, kazi hiyo ni ya kumtia mtoto moyo. Hata hivyo, ndani yake mna uamuzi wa kiisimu unaofanywa mara nyingi katika ukurasa mmoja: mtoto anapotamka neno tofauti na linavyotamkwa katika Kiswahili Sanifu, je, amekosea kusoma, au amesoma sawasawa kwa lafudhi ya kwao?

2.0 Msaidizi katika Historia ya Kisomo

Tanzania ina historia ndefu ya kuwatumia watu wasio walimu kamili katika kazi ya kisomo. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 ziliwategemea sana walimu wa kujitolea. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, maandalizi ya elimu ya msingi kwa wote yaliwaingiza darasani wahitimu wa darasa la saba waliojifunza ualimu huku wakifundisha. Jina "mwalimu wa UPE" lilibaki katika mazungumzo ya watu likiwa na harufu ya dharau: huyu ni mwalimu nusu.

Mifano ya karibuni zaidi ni miwili. Kuanzia mwaka 2014, mpango wa EQUIP-Tanzania, ambao haukuuhusisha Mkoa wa Mbeya, uliwatumia wasaidizi waliotoka katika jamii kuwaandaa watoto kwa ajili ya shule, wakiwemo wasiozungumza Kiswahili nyumbani. Nayo tathmini ya Uwezo, chini ya Twaweza, iliwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba kuwasikiliza watoto wakisoma, kutoka vipashio vidogo hadi hadithi fupi.

Hoja iliyozoeleka ya kumtetea msaidizi katika mazingira haya ni ya hesabu: madarasa yamejaa, walimu hawatoshi, hivyo atafutwe wa kusaidia. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ina upungufu. Inampa msaidizi thamani ya muda tu, kwamba siku walimu watakapotosha hatahitajika tena. Thamani nyingine inaonekana pale anapochunguzwa kama msikilizaji.

3.0 Sauti za Kinyakyusa na Herufi za Kiswahili

Kinyakyusa kimeelezwa kwa kina cha kutosha. Kamusi ya Knut Felberg ya mwaka 1996 inakiweka sambamba na Kiswahili na Kiingereza, na utafiti wa Bastian Persohn wa mwaka 2017 kuhusu kitenzi unatoa pia muhtasari wa fonolojia. Jambo moja la fonolojia hiyo linatosha kwa mjadala huu: Kinyakyusa hakina vikwamizi ghuna /v/ na /z/, bali kina /f/ na /s/. Pale Kiswahili kinaposema mvua, Kinyakyusa kina ifula. Vilevile, Kinyakyusa hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyofanya.

Tofauti hiyo imeingia hadi katika sarufi. Viambishi vya ngeli ya saba na ya nane, ambavyo katika Kiswahili ni ki- na vi-, katika Kinyakyusa ni iki- na ifi-, pamoja na irabu tangulizi. Mtoto anayeona vitabu na kutamka "fitabu" hajabahatisha. Ameitambua herufi, ameiunganisha na irabu yake, ametambua umbo la wingi, kisha ametoa sauti ambayo lugha yake ya kwanza imeiweka mahali hapohapo. Neno wazee litatoka "wasee", na zawadi litatoka "sawadi". Badiliko hilo lina mpangilio, linatabirika, na haliathiri uelewa wa mtoto mwenyewe.

Chukulia sentensi iliyotungwa kwa ajili ya mjadala huu: Vijana wanavuna mpunga. Mtoto wa kwanza anasoma: "Fijana wanafuna mpunga." Akiulizwa vijana wanafanya nini, anajibu kuwa wanakata mpunga shambani. Mtoto wa pili anasoma: "Vijana wanavua mpunga." Matamshi yake ni safi, lakini ameiruka herufi n na kuweka kitenzi alichokizoea ziwani, ambako watu huvua samaki. Akiulizwa, anasita, kwa kuwa mpunga hauvuliwi.

Kwa msikilizaji anayehesabu kila tofauti ya sauti, mtoto wa kwanza ana makosa mawili katika maneno matatu, na wa pili ana moja. Hesabu hiyo inampa ushindi yule aliyeshindwa kusoma. Anayekijua Kinyakyusa atafikia uamuzi wa kinyume, nao ndio sahihi.

4.0 Upimaji wa Dakika Moja

Tatizo hilo linakuwa zito zaidi pale usomaji unapopimwa kwa saa. Upimaji wa stadi za awali za kusoma unaojulikana kwa kifupi EGRA, uliofanyika Tanzania mwaka 2013, hutumia kipimo cha idadi ya maneno yanayosomwa kwa usahihi katika dakika moja. Ni haki kueleza kuwa miongozo ya upimaji wa aina hiyo inatambua tofauti za lafudhi na kuelekeza zisihesabiwe kuwa makosa. Kinachokosolewa hapa, basi, ni jambo ambalo kanuni hiyo inaliacha wazi. Kanuni inamtaka mpimaji aitambue lafudhi, lakini utambuzi huo unahitaji maarifa ya lugha mahususi. Asiyeyajua mazoea ya Kinyakyusa hawezi kuamua kwa uhakika kama "wanafuna" ni lafudhi au ni herufi iliyosahaulika.

Wazo la msingi si geni. Katika miaka ya 1960, William Labov aliwaonya walimu wa watoto weusi wa New York wasichanganye tofauti ya matamshi na kosa la kusoma. Katika muongo huohuo, Kenneth Goodman alidai kuwa tofauti kati ya maandishi na kilichosomwa ni dirisha la kuona jinsi msomaji anavyofikiri. Onyo la Labov linafaa Itungi moja kwa moja. Nadharia ya Goodman inahitaji tahadhari, kwani iliupa ubashiri wa msomaji nafasi kubwa. Katika tahajia ya Kiswahili, ambayo uhusiano wake wa herufi na sauti ni wa wazi, mtoto hana sababu ya kubahatisha vua mahali pa vuna. Anahitaji kurudishwa kwenye silabi.

5.0 Pingamizi Tatu

Pingamizi la kwanza ni la usanifu: je, kuiachia "fitabu" ipite si kuuzoesha ulimi makosa? Jibu linategemea tendo. Katika kusoma kwa sauti, "fitabu" ni lafudhi. Katika imla, fitabu ni kosa la tahajia na lisahihishwe bila kusita. Msaidizi anaweza kutenga muda wa kufundisha jozi kama fua na vua, faa na vaa, saa na zaa, bila kuikatiza hadithi katika kila mstari. Mtoto anayekatizwa kila neno hujifunza haraka kuwa njia salama ni kunyamaza.

Pingamizi la pili ni kwamba lafudhi inaweza kuficha kosa halisi. Hili ni kweli. Mtoto akitamka "kula" mahali palipoandikwa kura, au "mahali" palipoandikwa mahari, sikio peke yake halitoshi, hata likiwa la mzawa. Hapo ndipo swali linapohitajika: "Alikwenda kufanya nini?" Jibu hutenganisha aliyeelewa uchaguzi na aliyefikiria chakula. Kumsikiliza mtoto bila kumuuliza chochote ni nusu ya kazi.

Pingamizi la tatu linaigusa Itungi yenyewe. Si kila mtoto wa bandarini ni msemaji wa Kinyakyusa, wala si kila msaidizi. Kumchukulia mtoto wa Mkisi kuwa Mnyakyusa ni kurudia kosa lilelile kwa sura nyingine. Kwa sababu hiyo, hoja ya makala haya haiwezi kuishia katika uzawa. Uzawa humpa msaidizi sikio, ila haumpi maelezo ya kile anachokisikia. Msaidizi mzawa aliyefundishwa shuleni kuionea aibu lafudhi yake anaweza kuwa mkali kuliko mgeni.

6.0 Hitimisho

Kinachohitajika ni kidogo na kinawezekana. Mafunzo ya wasaidizi wa usomaji Kyela yangeweza kuambatana na ukurasa mmoja unaoorodhesha mazoea makuu ya sauti za Kinyakyusa, mifano ya maneno ya Kiswahili yanayoguswa, na swali la kuuliza pale maana inapokuwa na utata. Kikisi, Kimanda na lugha nyingine za mwambao zingehitaji kurasa zao. Kazi ya kuziandaa ni ya wanaisimu, ambao hadi sasa wamezieleza lugha za jamii zaidi kwa ajili ya wanaisimu wenzao. Walimu na wapimaji nao wangefaidika na ukurasa huohuo.

Pasipo hilo, mtoto aliyesoma na kuelewa ataendelea kuandikwa kuwa hajui kusoma, na aliyeruka herufi kwa matamshi mazuri ataendelea kupita bila kusaidiwa. Wote wawili wamepunjwa, na wa pili ndiye atakayechelewa zaidi kugunduliwa.