Kuchora Manyoya au Kupaka Manyoya?

Miongoni mwa istilahi za sanaa ambazo hazijatulia katika Kiswahili ni zile zihusuzo picha za wanyama. Tumepata kuona mafunzo yanayomwagiza mwanafunzi atakaye kutengeneza picha ya sura ya mbwa wa nyumbani kwamba achore manyoya, unywele mmoja mmoja, mpaka mwili wote uenee. Agizo hili lina kosa la lugha, nalo ndilo lililozaa kosa la mkono.

Kuchora ni kutia mstari: fundi huchora nakshi mlangoni, mtoto huchora mchangani kwa kijiti. Siku hizi tumekitwika kitenzi hiki kazi yote, ya kalamu na ya brashi pia. Aambiwaye achore hutafuta mistari, na akiwekewa mbwa mbele yake huanza kuhesabu nywele. Matokeo ni mnyama afananaye na brashi ya kusugulia sakafu: nywele zote zi wazi, lakini mwili uliozibeba haupo.

Huenda tukapingwa kwa kutajiwa Jan van Eyck. Katika picha yake ya Arnolfini ya mwaka 1434, iliyomo National Gallery mjini London, yumo mbwa mdogo asimamaye miguuni pa mume na mke, naye husifiwa kwamba nywele zake zaonekana moja moja. Hebu tumtazame vizuri. Nywele zihesabikazo zi usoni, na ukingoni, manyoya yanapokutana na mbao za sakafu. Kwingineko ni rangi ya hudhurungi ikolezwayo na kufifishwa kwa kufuata umbo la mwili, na jicho la mtazamaji hujaza lililobaki. Tena, uchunguzi wa picha hiyo kwa mionzi ya infraredi ulionyesha kwamba chini ya rangi ya mbwa huyo hapana mchoro wa matayarisho. Kwa Kiswahili chetu, basi, mbwa huyo hakuchorwa kamwe, alipakwa.

Edwin Landseer naye, katika picha aliyoionyesha London mwaka 1838, alimlaza gatini mbwa mkubwa wa aina ya Newfoundland, mweusi na mweupe. Manyoya hayo marefu ameyagawa mafungu mafungu, kila fungu na upande wake wa nuru na wa kivuli, ndipo akaongeza nywele chache za juu.

Kwa hiyo twapendelea kupaka, ingawa twajua kwamba mpaka rangi kwa watu wengi ni fundi wa kuta. Aibu hiyo ndogo yavumilika.

Jina nalo lina tatizo lake. Manyoya ni ya kuku, ya kondoo na ya mbwa, wala neno halibagui. Lakini mbwa wengi wana matabaka mawili: nywele ndefu ngumu za juu, na nyingine fupi laini zilizosongamana chini yake. Mpakaji hana budi kuzitenga, maana za chini ndizo zitoazo rangi ya msingi na kivuli, na za juu ndizo zishikazo nuru. Kiswahili kina singa, nywele ndefu za mnyama, kama zile zifungwazo kuwa usinga. Twapendekeza litumike kwa tabaka la juu. Kwa tabaka la chini lipo malaika, vile vinyweleo laini vya mwilini. Atakayecheka kwamba mwanafunzi atampa mbwa mabawa, na acheke, muktadha utamsahihisha. Upande zinakoelekea nywele, ambao hubadilika shingoni, begani na pajani, twauita mlalo. Akosaye mlalo hata rangi nzuri haitamwokoa.

Pendekezo letu la singa, hata hivyo, lina upungufu tunaoukiri. Neno hili huleta fikra ya nywele zilizonyooka. Karibu na mwaka 1780 George Stubbs alimpaka mbwa mweupe wa aina ya poodle, akiwa ndani ya mashua, na manyoya yake yamejisokota. Huyo singa halimfai, na kumwita wa kipilipili ni kumkopesha nywele za binadamu. Wasomaji walio na neno kwa manyoya ya namna hiyo, hasa wafugaji wa kondoo na mbuzi, twaomba watuletee.